Uwanja wa ndege wa Shannon: ndege za jeshi la Marekani na hofu ya wenyeji kupoteza kazi

Binti Mvita (Ennis) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, mlioko huku Ayalandi na mlioko kwingineko. Nina jambo ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu, kwa sababu huku tunakoishi limekuwa zito kiasi kwamba watu wameamua kutolizungumza kabisa.

Uwanja wa ndege wa Shannon uko katika kaunti ya Clare, kando ya mlango wa mto Shannon, takriban kilomita 24 kutoka jiji la Limerick. Tangu mwishoni mwa mwaka 2001, ndege zinazobeba wanajeshi wa Marekani, wengi wao wakielekea Kuwait, Iraki na Afghanistan au wakirejea kwao, zimekuwa zikitua hapo kujaza mafuta. Wanajeshi zaidi ya milioni mbili wamepita kwa njia hiyo. Mwaka 2005 pekee walikuwa zaidi ya 300,000, na kwa kuwa uwanja ulihudumia abiria wapatao milioni 3.3 mwaka huo, ina maana kwamba karibu mtu mmoja katika kila kumi waliopita Shannon alikuwa mwanajeshi. Siku hizi idadi imepungua sana, lakini ndege hazijakoma, na tangu vita vya Gaza vilipozuka Oktoba 2023 swali la kinachobebwa na ndege hizo limerudi kwa nguvu mpya.

Ayalandi si mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na serikali zake, moja baada ya nyingine, zimekuwa zikitangaza kwamba nchi haiegemei upande wowote kijeshi. Kikundi cha Shannonwatch hukusanyika karibu na uwanja kila Jumapili ya pili ya mwezi kudai kwamba ahadi hiyo iheshimiwe. Majuzi, katika kikao cha wakazi wa mtaa wetu, mama mmoja alisimama akauliza kwa nini ndege hizo hazikaguliwi. Hakumaliza sentensi yake. Mzee mmoja alimkatiza akamwambia, "Wewe una mshahara wako wa serikali, unataka watoto wa wenzako wale nini?" Mwenyekiti akahamia ajenda ya maegesho ya magari.

Sikuridhika na jibu lile, na wala sikuweza kulipinga, kwa sababu miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili hapa Ennis na Limerick wapo wanaosafisha ndege, wanaofanya kazi jikoni na wanaouza madukani palepale uwanjani. Ninawaombea riziki yao iendelee. Lakini nimepata uraia wa nchi hii, nina kura, na mbunge wetu ananiomba kura hiyo. Je, ajira zinazotokana na ndege za wanajeshi ni nyingi kiasi cha kuufunga mjadala? Serikali ikiamua kesho kuzikataa, nani ataumia, na kwa kiasi gani? Nitashukuru zaidi nikijibiwa na mtu aliyewahi kufanya kazi pale.

Zamu ya Usiku (Limerick) anajibu:

Dada Binti Mvita, nilifanya kazi ya kuhudumia ndege zikiwa chini pale Shannon kwa miaka mingi, kwa sehemu kubwa nikiwa zamu ya usiku, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona.

Kwanza, ndege zenyewe ni za aina mbili na watu huzichanganya. Wanajeshi wengi huja kwa ndege za kiraia za kukodi, ambazo kwa nje hazina tofauti na zile zinazopeleka watalii Uhispania. Aina ya pili ni ndege za jeshi lenyewe, za mizigo au za maofisa wakubwa. Ile aina ya kwanza ndiyo yenye kazi. Inapotua saa nane za usiku, lori la mafuta husogea chini ya bawa, ngazi huletwa mlangoni, gari la maji safi na gari la kunyonya uchafu wa vyoo hufuatana nyuma, wasafishaji hupanda na mifuko yao, na jikoni hutoka makontena ya chakula kwa ajili ya watu zaidi ya 200. Wanajeshi hushuka mikono mitupu, kwa maana bunduki hubaki ndani ya ndege, wakaingia katika ukumbi wa abiria wapitao. Wengi wao ni vijana wa rika la watoto wetu. Hununua chokoleti, hutafuta mahali pa kuchaji simu, hukaa sakafuni wakiegemea ukuta kwa sababu wamechoka kukaa kitini. Baada ya saa moja au mbili huondoka, mara nyingine wakiwa na marubani na wahudumu wapya waliokuwa wamelala hotelini wakiwasubiri, na hoteli hiyo nayo ina wafanyakazi wake.

Sasa, kuhusu ajira. Sikuwahi kufanya kazi na mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya wanajeshi peke yao. Ndege hizo zilikuwa zikijaza saa. Wakati wa baridi, ndege za watalii zinapokuwa chache, ndege mbili tatu za usiku ndizo zilizoamua kama kibarua ataitwa wiki hiyo au hataitwa. Kwa mwenye ajira ya kudumu zilikuwa malipo ya saa za ziada. Kwa asiye na saa za uhakika zilikuwa kodi ya nyumba. Ndiyo maana anayesema kwamba uwanja utafungwa zikiondoka anatisha watu bila sababu, na anayesema kwamba hakuna atakayeumia hajawahi kusubiri simu ya msimamizi siku ya Jumatano ili ajue kama Ijumaa atakuwa na kazi.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi na upande wowote. Mwenzetu mmoja, ambaye ndugu zake walikuwa Baghdad wakati ule, aliomba asipangiwe ndege za wanajeshi. Alijibiwa kwamba ratiba ni ratiba. Alivumilia miezi kadhaa, kisha akaacha kazi akaenda kuendesha teksi. Tunapohesabu ajira, naye awekwe kwenye hesabu.

Msafiri wa Foynes (Galway) anajibu:

Nimshukuru Ndugu Zamu ya Usiku kwa maelezo yake. Mimi ningependa kuongeza historia, kwa sababu bila historia watu huamini kwamba Shannon imekuwa ikiishi kwa hisani ya jeshi la Marekani tangu mwanzo, na jambo hilo si kweli hata kidogo.

Shannon ilizaliwa kutokana na upungufu wa injini. Ndege za miaka ya 1940 hazikuweza kuvuka Atlantiki kutoka Ulaya ya kati hadi New York bila kujaza mafuta, na pwani ya magharibi ya Ayalandi ndiyo ardhi ya mwisho kabla ya bahari. Kabla ya hapo ndege zinazotua majini zilikuwa zikitumia Foynes, ng'ambo ya mlango wa mto. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kila kampuni kubwa ya ndege ilipita Shannon, na mwaka 1947 Brendan O'Regan akafungua hapo duka la kwanza duniani lisilotozwa ushuru kwa abiria wa ndege. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, zikaja ndege za jeti zenye uwezo wa kupita moja kwa moja bila kutua. Wakati ule hofu ya kupoteza kazi ilikuwa kubwa kuliko hii ya leo, kwa sababu sababu yenyewe ya uwanja kuwepo ilikuwa inatoweka.

Ninaomba msomaji atulie hapa, kwani hapa ndipo penye jibu la swali la dada yetu. Watu wa Shannon hawakungoja. Mwaka 1959 ilianzishwa kampuni ya maendeleo ya eneo hilo, na kando ya njia ya kurukia ndege likatengwa eneo huru la biashara, ambamo viwanda viliweza kuagiza malighafi, kuitengeneza na kuisafirisha nje kwa unafuu wa kodi. Lilikuwa la kwanza la namna yake katika zama hizi. Mji mzima wa Shannon ulijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda hivyo. Mwaka 1980 ujumbe kutoka China, ambamo alikuwamo Jiang Zemin, ulifika kujifunza jinsi eneo hilo linavyoendeshwa, na mwaka huohuo China ikaanza maeneo yake maalumu ya kiuchumi, Shenzhen ikiwa mojawapo. Mwaka 1975 Tony Ryan alishiriki kuanzisha hapo kampuni ya GPA ya kukodisha ndege, na ingawa kampuni hiyo iliyumba vibaya mwaka 1992, utaalamu uliobaki ndio ulioifanya Ayalandi kuwa kitovu cha biashara ya kukodisha ndege duniani hadi leo. Ukienda katika karakana za Shannon utakuta mafundi wanaofumua na kufunga upya ndege za abiria za mataifa mbalimbali. Ajira hizi zote hazitegemei hata mwanajeshi mmoja kupita.

Vilevile si mara ya kwanza kwa dola kubwa kuwa mteja mkubwa hapo. Katika miaka ya 1980 mteja huyo alikuwa Umoja wa Kisovieti. Ndege za Aeroflot zilizokuwa zikienda Havana zilijaza mafuta Shannon, mafuta yenyewe yakiletwa na meli za Kisovieti hadi mtoni na kuhifadhiwa katika matangi maalumu. Uhusiano huo ulifika mbali hata mwaka 1988 wataalamu wa Ayalandi wakafungua duka lisilotozwa ushuru katika uwanja wa Sheremetyevo huko Moscow. Umoja wa Kisovieti ulivunjika, mteja akapungua, na Shannon ikaendelea.

Mapigo makubwa kwa wafanyakazi wa Shannon tangu miaka ya 1990 yametoka katika maamuzi ya kiraia kabisa. Mwaka 1993 serikali ililegeza sharti lililozitaka ndege za Atlantiki kutua Shannon, na mwaka 2008, chini ya makubaliano ya anga huria kati ya Ulaya na Marekani, sharti hilo likaisha. Januari 2008 kampuni ya ndege ya Aer Lingus ilizitoa Shannon nafasi zake za kutua Heathrow, London, ikazihamishia Belfast. Mwaka 2009 serikali ikaweka kodi ya hadi euro 10 kwa abiria anayeondoka nchini, na Ryanair ikapunguza sana safari zake. Abiria waliokuwa milioni 3.6 mwaka 2007 walishuka hadi takriban milioni 1.4 mwaka 2012, na wakati huo wote ndege za wanajeshi zilikuwa zikitua. Mwaka 2021 Aer Lingus ilifunga kituo cha wahudumu wake wa ndani ya ndege hapo Shannon, na makumi ya familia yakaathirika. Ndege za wanajeshi zilikuwepo, na hazikuokoa hata mmoja.

Baba Amani (mji wa Shannon) anajibu:

Nimesoma yote kwa makini, na ninaheshimu elimu ya Ndugu Msafiri wa Foynes, lakini historia yake ina upande ambao ameupita haraka. Mwaka 1993 watu wa huku waliandamana wakaambiwa wasiogope, kwamba Shannon itapewa mambo mengine badala ya sharti lile. Mwaka 2007 waliandamana tena kwa ajili ya safari za Heathrow, na serikali, ingawa wakati huo ilikuwa na hisa katika Aer Lingus, ikasema haiwezi kuingilia uamuzi wa kibiashara. Mtu aliyeahidiwa mara mbili akakosa mara mbili hawezi kulaumiwa anapokataa kuachia alichonacho kwa ajili ya ahadi ya tatu.

Ninafanya kazi uwanjani, ninalipa mkopo wa nyumba, na nina watoto watatu shuleni. Siungi mkono vita ya Iraki, sikuiunga mkono tangu siku ya kwanza. Lakini nimechoka kuona kwamba dhamiri ya nchi nzima inabebeshwa wapakia mizigo. Bunge lilipiga kura Machi 20, mwaka 2003, kuruhusu Marekani iendelee kutumia uwanja. Mawaziri ndio wanaotia saini vibali. Wananchi ndio wanaowachagua. Kisha Jumapili watu wanakuja kutoka Dublin na mabango, na sisi ndio tunaoonekana wauaji tunapoingia kazini.

Zaidi ya hayo, ndege ikikataliwa hapa itaenda kwingine. Ujerumani, uwanja wa Leipzig/Halle, ilipokea wanajeshi hao kwa mamia ya maelfu. Vita havitapungua hata kwa dakika moja. Kitakachopungua ni saa zetu za kazi.

Wakili wa Cork anajibu:

Kaka Baba Amani amesema neno la haki kuhusu nani anayebebeshwa lawama, na ningependa kulitia nguvu kwa upande wa sheria, kwa maana sheria inaonyesha wazi kwamba uamuzi haujawahi kuwa mikononi mwa wafanyakazi.

Kuna taratibu mbili za vibali. Ndege ya jeshi la nchi ya kigeni inahitaji ruhusa ya Waziri wa Mambo ya Nje chini ya amri ya mwaka 1952, na masharti ya kawaida ni kwamba isiwe na silaha, isibebe silaha wala risasi, isikusanye taarifa za kijasusi, na isiwe sehemu ya mazoezi au operesheni za kijeshi. Ndege ya kiraia inayobeba silaha au zana za vita inahitaji msamaha wa Waziri wa Uchukuzi chini ya amri ya mwaka 1973. Ndege za kukodi alizozieleza Ndugu Zamu ya Usiku huangukia utaratibu huu wa pili, na sehemu kubwa ya misamaha inayotolewa inahusu zile bunduki binafsi za wanajeshi zinazobaki ndani ya ndege.

Ugumu uko katika ukaguzi. Serikali hutegemea hakikisho la Marekani na haina desturi ya kupanda ndege kuangalia. Mwaka 2007 ripoti ya Bunge la Ulaya ilieleza kwamba ndege zilizoendeshwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zilitua mara 147 katika viwanja vya Ayalandi, na ikasema kwamba, maadamu hakuna utaratibu wa ukaguzi wa kushtukiza, ndege hizo zipigwe marufuku kutua. Mama aliyekatizwa katika kikao cha Ennis aliuliza swali ambalo wabunge wa Ulaya waliliuliza kabla yake, na alistahili kusikilizwa.

Kuhusu kutoegemea upande wowote, kesi muhimu ni ile ya Edward Horgan, ofisa mstaafu wa jeshi la Ayalandi, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Aprili 2003. Jaji Kearns alikubali kwamba katika sheria ya kimataifa ya kimila, dola isiyoegemea upande wowote hairuhusiwi kupitisha katika ardhi yake idadi kubwa ya wanajeshi au zana za upande mmoja unaokwenda vitani. Kanuni hiyo inatokana na Mkataba wa tano wa The Hague wa mwaka 1907. Hata hivyo aliamua kwamba kanuni hiyo haimpi raia mmoja mmoja haki ya kuilazimisha serikali mahakamani, na kwamba Katiba imeliachia Bunge suala la kushiriki vitani. Kwa maneno mengine, Mahakama iliona kasoro, kisha ikaelekeza kidole bungeni. Kuna pia kesi ya wanaharakati watano walioharibu ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani Februari 2003. Baada ya kesi kurudiwa, jopo la raia liliwaona hawana hatia Julai 2006. Lakini hukumu ile iliwahusu wao watano, haikugusa sera.

Kwa hoja ya kwamba ndege zitaenda Leipzig, nitasema hivi. Ni kweli zitakwenda. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa, hakuna nchi yoyote itakayokuwa na wajibu wa chochote, kwa kuwa daima kuna jirani aliye tayari. Ujerumani ni mwanachama wa NATO, na imeingia mkataba huo kwa uamuzi wa wazi wa bunge lake. Ayalandi imewaambia raia wake kinyume cha hapo, na katika kura za maoni kuhusu mikataba ya Ulaya mwaka 2002 na 2009 serikali iliwaomba watu waseme ndiyo kwa kuwahakikishia kwamba msimamo huo haubadiliki.

Niongeze jambo la fedha, kwa sababu ajira hutajwa bila gharama kutajwa. Ndege za kijeshi zimesamehewa ada za kuongozwa angani, na kampuni inayoongoza ndege hulipwa na hazina ya taifa badala yake. Askari polisi na wanajeshi wa Ayalandi huzilinda ndege hizo zikiwa chini, na mishahara yao hutoka katika hazina hiyohiyo. Gharama za ndege hizi, kwa hiyo, zimekuwa zikitoka kwa sehemu katika kodi ya kibarua mwenyewe.

Mkaazi wa Ayr (Scotland) anajibu:

Ninaishi karibu na uwanja wa Prestwick, ambao una hali inayofanana na hiyo, ila mbaya zaidi, na huenda mfano wake ukawasaidia.

Serikali ya Scotland iliununua uwanja huu Novemba 2013 kwa pauni moja ili usifungwe. Abiria walikuwa wamepungua na kampuni ya ndege iliyobaki kwa safari za ratiba ilikuwa moja tu, Ryanair. Tangu hapo kuuza mafuta kwa ndege za kijeshi, hasa za Marekani, kumekuwa nguzo mojawapo ya mapato, na mwaka 2016 uwanja uliingia mkataba na idara ya ununuzi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa ajili hiyo. Chama tawala cha Scotland kimekuwa kikipinga silaha za nyuklia na kikaipinga vita ya Iraki, lakini kimejikuta ndicho mmiliki wa kituo cha mafuta cha jeshi hilo. Mwaka 2019 kukazuka maswali huko Washington kuhusu wanajeshi waliolala katika hoteli ya Trump ya Turnberry walipopitia Prestwick, na ghafla mustakabali wa uwanja wetu ukawa habari ya siasa za nchi nyingine.

Hicho ndicho ninachoogopa kwa niaba ya Shannon kuliko kupungua kwa saa za usiku. Uwanja ukishazoea mapato hayo, menejimenti hupunguza bidii ya kutafuta safari za kiraia, kwa kuwa mteja wa kijeshi hana matangazo wala ushindani wa nauli. Lakini huyo mteja haweki kituo, haajiri wahudumu wa hapo, haleti watalii watakaolala wiki nzima, na hahitaji kutoa sababu siku anapohama. Walipohamia Leipzig hawakuuliza chama cha wafanyakazi cha Shannon. Kaka Baba Amani, ninaielewa hofu yako, lakini hofu hiyo ingefaa kuelekezwa pia kwa huyo mteja.

Baba Amani anajibu:

Hilo la mwisho ninalikubali. Sijawahi kuona mwaka ambao tuliambiwa mapema ndege ngapi za wanajeshi zitakuja. Tunaambiwa mkataba unaisha baada ya kuwa umeisha. Nisichokubali ni kuambiwa nisubiri ajira mbadala zisizo na tarehe. Anayetaka ndege hizo ziondoke alete kwanza maandishi: saa hizi za kazi zitafidiwa na nini, na kuanzia mwezi gani.

Binti Mvita anajibu:

Mzee wangu Zamu ya Usiku, shikamoo, na wengine wote ninawashukuru kwa moyo. Kaka Baba Amani, samahani kama swali langu lilionekana kana kwamba ninawanyooshea kidole ninyi mnaofanya kazi pale. Kwa haya niliyoyasoma nimeelewa kwamba ninapaswa kuuliza mambo mawili kwa pamoja, ukaguzi wa ndege na mpango wa kazi, na kuyauliza kwa aliye na mamlaka. Mbunge wetu atapokea wananchi ofisini Ijumaa ijayo. Ningependa kujua niende na swali gani, maana nikimuuliza kwa ujumla atanijibu kwa ujumla.

Wakili wa Cork anajibu:

Dada, usiende na hotuba. Nenda na maandishi ya ukurasa mmoja na umwombe ayageuze kuwa maswali ya maandishi bungeni, kwa sababu waziri hulazimika kuyajibu na majibu huchapishwa ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Kwa Waziri wa Uchukuzi: ni misamaha mingapi ya kubeba zana za vita ilitolewa mwaka jana kwa ndege zilizotua Shannon, mingapi ilihusu silaha binafsi na mingapi mizigo mingine, na ni ndege ngapi kati ya hizo zilikaguliwa. Kwa waziri huyohuyo: hazina ililipa kiasi gani kwa ajili ya ada za anga zilizosamehewa, na mapato ya uwanja kutokana na ndege za kijeshi yalikuwa kiasi gani yakitenganishwa na mapato mengine. Takwimu za misamaha huwa zinatolewa bungeni, kwa hiyo hana sababu ya kukataa hayo ya kwanza.

Swali la tatu liwe la Kaka Baba Amani, na ikiwezekana mwende pamoja: saa za kazi zinazotokana na ndege hizo ni ngapi, na serikali, ambayo ndiyo mmiliki wa uwanja, imeandaa nini iwapo Marekani itahama kwa hiari yake.

Baba Amani anajibu:

Ijumaa niko zamu ya asubuhi hadi saa nane mchana. Kama ofisi itakuwa wazi baada ya hapo, nitakuja, na nitamleta mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi, SIPTU. Dada Binti Mvita, nitumie ujumbe wa faragha tupange mahali pa kukutana.